Kigoda cha Mvushaji

Katika kambi ya wakimbizi Ngara, nikisubiri gari, niliwakuta vijana wanne wakirusha dadu, wakicheza safari ya kubuni. Kila kizibo cha soda kilikuwa mtu mwenye kazi yake: mwindaji huona mbali, mganga huponya lakini hapigani. Nikavuta kigoda kitupu, nikakaa.

"Nami nipeni huyu asiyechezwa," nikasema. "Ni nani?"

"Mvushaji wa mtoni," akajibu msichana aliyeongoza mchezo, akakifunika kizibo kwa kiganja. "Ana mwenyewe, mzee. Alituvusha sisi kweli, akarudi kuwachukua wengine."

"Si mumpe mtu mwingine?"

"Akifika atacheza nini?"

Wote wakakitazama kigoda changu. Nikainuka haraka. Jua lilikuwa kali, vumbi tupu, lakini suruali yangu ilikuwa imelowa chapachapa.

Siku hizi nauliza kabla sijakaa.