Ng'ombe wa Fundi Deodata

Fundi Deodata ni mshona nguo wa hapa Mugoma. Mwenyewe husema mbele za watu kwamba suruali ya kwanza aliyoshona ilikuwa na mguu mmoja mfupi, mteja akaambiwa ndio mtindo wa Mwanza. Cheti cha ualimu hana. Lakini watoto wakitoka shule, wanajaa barazani kwake. Anawamwagia vitambaa vilivyobaki, makopo, waya na maganda makavu ya mgomba, kisha anauliza, "Haya, leo mmeona nini kisichoeleweka?" Mtoto akitaja kitu, wanakitengeneza mpaka kieleweke. Walitengeneza sikio la mtu. Walitengeneza mvua, ikamlowesha mteja.

Alipokuwa mdogo alimuuliza katekista malaika anavaaje shati na mabawa yake. Fimbo alizipata, jibu hakulipata. Anasema ndiyo sababu akaingia ushonaji.

Mimi ndiye mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote. Nina miaka kumi na sita, shule niliiacha darasa la tatu, na ninakaa kati ya watoto wadogo magoti yakiwa usawa wa masikio. Siulizi kitu, naangalia tu. Fundi huniita msimamizi, lakini ni kunipa heshima. Mimi hata mbuzi hajawahi kunisikiliza.

Siku moja akaja Balozi Bartholomayo, baba yake Happy, mmoja wa watoto wa pale barazani. Huyu ndiye balozi wa nyumba kumi za upande wetu, na akisema jambo wazazi wengine hufuata.

"Fundi, ndama wangu wanakosa maji, Happy yuko kwako anakata matambara. Anajifunza nini?"

"Njoo Jumamosi uone, Balozi."

"Nitakuja. Nisipoona cha maana, ndio mwisho wake hapa. Na wenzangu nitawaambia."

Fundi alicheka, akamsindikiza. Aliporudi akashona mfuko juu ya goti la suruali ya mtu. Akaufumua, akaniambia, "Joan, watoto hawa wakiondoka nitabaki na cherehani, na cherehani haijawahi kuniuliza kitu."

Happy ndiye aliyetoa wazo. "Tutengeneze ng'ombe. Baba haangalii kitu kingine."

Tukashona ngozi ya mifuko ya mbolea, tukapinda pembe ndefu za fito, macho yakawa vifungo vya koti kutoka soko la Rulenge. Happy akawa mbele. Nyuma walikataa wote, eti kunanuka mbolea. Fundi akanitazama. "Wewe huna maneno, Joan. Na miguu ya nyuma haina maneno." Nikajiona nimechaguliwa. Hapo ndipo ujue akili zangu.

Jumamosi wazazi wakajaa kwenye mabenchi. Ng'ombe wetu akaingia, akazunguka, akalala vizuri kabisa. Kisha ilikuwa aamke aende mtoni. Happy akainuka. Mimi mguu ulikuwa umekufa ganzi. Ng'ombe akawa amesimama mbele, nyuma amekaa.

Balozi akaruka kutoka kwenye benchi. "Simama hapo! Ng'ombe gani anaanza kuinuka mbele? Huyo ni mbwa mwenye pembe!"

Watu wakacheka mpaka benchi likalia. Mimi niliyekamua ng'ombe tangu utotoni, niliyewaona wakiinuka kila asubuhi, nilikuwa nimekaa kitako kama gunia la maharage.

Nikasikia kifimbo cha Balozi mgongoni. "Rudini chini! Nyuma kwanza! Inua nyuma! Magoti ya mbele yabaki. Haya, sasa mbele." Nikainuka. Watu wakapiga makofi. Balozi akafungua mdomo wa ng'ombe kama yuko mnadani. "Hata meno ya mbele mmemwekea juu! Ng'ombe ana meno ya mbele juu?"

Sauti ya Happy ikatoka ndani ya kichwa. "Baba, kwa nini anaanza nyuma?"

"Ndivyo anavyoinuka."

"Ndiyo, baba. Lakini kwa nini?"

Balozi akageuka. "Fundi, mwambie mtoto."

"Mimi sijui, Balozi. Ng'ombe namjua akishafika kwenye sufuria."

Mama Francisca akadakia kutoka benchi la nyuma, "Umezeeka nao zizini, Balozi, na hujui?"

"Kwani wewe unajua?"

"Mimi sikuja hapa kutafuta cha maana."

Basi yakaanza mabishano. Mmoja akasema ni uzito wa tumbo, mwingine akasema ni pembe, mwingine akasema Mungu hakosei. Wawili wakapiga magoti chini kujaribu wenyewe, mmoja akashindwa kuinuka. Balozi aliwasikiliza wote, akatikisa kichwa.

"Jumatatu watoto waje zizini kwangu waangalie vizuri. Bila kelele. Na jibu waniletee mimi kwanza."

"Na Happy?" Fundi aliuliza polepole.

"Nani mwingine atawaonyesha njia?"

Fundi akaenda kukaa kwenye cherehani yake, akaanza kukanyaga bila kitambaa. Mimi nilikuwa bado ndani ya mfuko wa mbolea, na hakuna aliyekumbuka kwamba nyuma kuna mtu, mpaka kile kifimbo kiliponigusa tena.

"Na wewe, miguu ya nyuma. Jumatatu uje umesimama."