Siku Mama Alipoezua Paa Letu

Hadi leo nikisikia msumari ukichomolewa kwenye bati, mwili hunisisimka. Sauti hiyo niliisikia mchana mmoja wa miaka ya sabini nikitoka shule, nikipanda njia ya vumbi juu ya mji wa Mwatate. Nilidhani tunaibiwa. Kumbe aliyekuwa juu ya nyumba yetu, leso kiunoni na nyundo mkononi, alikuwa mama. Niliduwaa. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba, ni mkosi, na mabati yale yalikuwa bado yanang'aa. Chama cha akina mama kilikuwa kimemnunulia majuzi tu, kwani kila mwanachama alingoja zamu yake ya kuezekewa, na mama alikuwa amengoja tangu kabla sijaanza shule.

Nyanya, mamake baba, alikuwa ameketi uani amejishika kichwa. Ndiye aliyenieleza. Mama Atieno, jirani yetu aliyekuja kutoka magharibi na mumewe mkata mkonge, alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mwenye lori pale Mwatate alikataa kumpeleka hospitali Voi bila kulipwa kwanza, na sanduku la chama lilikuwa tupu kwa sababu ya paa letu. Mwenye duka alikubali kuyanunua mabati, pesa hiyo ilipe lori. Lakini Mama Atieno hata si mwanachama, nyanya alimlalamikia mama kwa sauti.

Mama alimjibu kutoka juu, bila kuacha kazi: "Nyumba tutaezeka tena, mama. Huyu tukimzika, tutampata wapi?"

Wenzake wa chama waliyapokea mabati, wakajitwika, wakateremka mbio. Wengine walimbeba mgonjwa kitandani. Nililia, nikiamini mama amerukwa na akili. Mama Atieno alirudi akiwa hai, mtoto hakurudi. Sisi tulirudia paa la nyasi, na mvua ilipokuja tukakinga maji kwa sufuria. Chama nacho kikaamua kwamba kabla ya bati la mtu yeyote, kwanza itengwe pesa ya mama mjamzito, awe mwanachama au jirani tu.

Leo nami nina chama, hapa Voi, na tunachanga kwa simu. Juzi mama anayetuuzia mboga alishikwa na uchungu vibaya, tukaombwa msaada. Mmoja wetu akaandika kwenye kundi: "Kwani ni mwanachama?" Tukazima simu sote, kila mtu chini ya vigae vya paa lake. Nilishtuka kuliko mchana ule, maana safari hii hakuna aliyepanda paani.