Kanyshai Akichorea Kiroboti Njia

Mwalimu Kanyshai alikuwa amefundisha ushonaji katika mji wa milimani wa Naryn kwa miaka thelathini na mmoja. Shule ilipoletewa kiroboti cha kuenea kiganjani, kinachofuata mstari mweusi uliochorwa kwenye karatasi, wenzake wote walimwangalia yeye. "Mchoraji wa nakshi za nguo ni wewe. Nenda nacho nyumbani ukakizoee."

Mumewe, Asanaly, mchungaji aliyestaafu, alikitazama kwa dharau.

"Kobe?"

"Roboti. Nikikichorea njia, kinapita humo humo. Nikitia alama ya buluu, kinakimbia. Nyekundu, kinasimama."

"Nimechunga kondoo miaka arobaini, hakuna aliyewahi kunifuatia mstari!"

"Kwani uliwahi kuwachorea?"

Kanyshai akagundisha karatasi sakafuni, kutoka jikoni hadi miguuni pa mzee, akachora, kisha akakitwisha kiroboti tonge la kurut, lile jibini kavu lenye chumvi. Kikaja polepole, kikasimama kwenye nyekundu. Asanaly akala, akafikiri.

"Mwambie arudi na chai."

Jumapili akaja Burul, mama mkwe wa binti yao, mwanamke ambaye hajawahi kusifu chakula cha mtu. Kanyshai alitaka kumkomesha. Alichora njia ya kumfikia mgeni, imejikunja kama pembe za kondoo dume, akaenda jikoni kupakia kurut. Huku nyuma Asanaly, aliyeona amesahaulika, akachukua kalamu akaongeza tawi la kuja kwake. Akalitia buluu.

Kiroboti kilifika kwenye njia panda, kikasita, kikashika tawi la mzee, kikatimka. Kwenye kona kikashindwa kukata, kikatoka nje ya karatasi, kikadandia ukingo mweusi wa zulia, kikauzunguka mpaka chini ya sketi ya Burul.

"Panya!" Burul alikuwa tayari juu ya rundo la magodoro lililopangwa ukutani.

"Si panya, mkwe," alisema Asanaly. "Ni jibini lako."

Kanyshai alitamani sakafu immeze.

"Kama ni langu," sauti ikatoka juu, "lilete huku."

"Njia ya kupanda sijachora," Kanyshai akanong'ona.

Burul akashuka, akanyang'anya kalamu. Mstari wake ulitetemeka, kiroboti kikatembea kama mlevi atokaye arusini, naye akacheka mpaka meno yake ya dhahabu yote yakaonekana. Walilala kifudifudi wote watatu, wakichora, chai ikapoa.

Jumanne, Kanyshai akiwafundisha wanafunzi kukichorea kiroboti, mlango wa darasa uligongwa. Alikuwa Burul, na karatasi ndefu ya kupambia ukuta imeviringishwa kwapani, kalamu nyeusi mkononi.

"Watoto, sogeeni. Nikae wapi?"