Ndala za Bafuni
Jumatatu, 9 Juni. Mvua na baridi tangu alfajiri.

Flati yetu ya manispaa ina bafu moja kwa familia tatu, na komeo liko nje tu, la kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Ukiingia unaacha ndala mlangoni, wenzako wajue. Leo niliogopa baridi ya sakafu, nikaingia nazo. Jirani yetu, mama Mkongo, akapita, hakuona ndala, akafunga komeo.

Niligonga mpaka mkono ukauma. Dirisha lina nondo.

“Nani iko ndani?”

“Mimi, mama! Teksi ya Pinetown itaniacha!”

“Eish! Ndala yako iko wapi?”

“Miguuni!”

Akafungua akicheka. Sijui kama nina haki ya kununa, yeye alifuata desturi. Ila teksi, basi dogo linalonipeleka kazini Pinetown, ilishaondoka, na kiwandani aliyechelewa haingii. Nikashinda chumbani, nikisikiliza wengine wakioga. Jioni jirani huyo alituletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, tukala na ugali.