Farasi Aliyecheua

Nilipohitimu masomo ya jioni ya watu wazima hapa Bungoma, nilijiona mwandishi ambaye Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikimsubiri. Kwa hivyo wanafunzi wenzangu walipoanzisha hadithi ya pamoja kwenye kundi letu la simu, nilijitwalia nafasi kubwa: mjumbe wa mfalme, mwenye barua na farasi mweupe. Sheria ilikuwa moja. Kila mtu anaandika maneno na matendo ya mhusika wake tu. Wa mwenzako humsogezi hata kidole. Mwalimu wetu wa zamani alikuwa mwamuzi.

Nilimpanda farasi wangu alfajiri, nikamvusha milima saba bila kusimama. Jioni nikaandika sentensi ninayoipenda hadi leo: "Farasi akalala chini, akicheua polepole na kuwaza vita."

Simu ikalia. Aliyejibu ni dada mmoja tuliyesoma naye, ambaye sasa anatunza farasi katika shamba moja nje ya Kitale. Katika hadithi alikuwa mlinzi wa lango la ngome, ile ile niliyokuwa nikiipelekea barua.

"Mjumbe, ati anacheua? Huyo ni farasi ama ni ng'ombe wa kulima?"

"Kwani farasi hali nyasi?"

"Anakula, lakini akimeza amemeza. Hairudi mdomoni. Na kwa hizo mbio zako, bana, huyo alikufa mlima wa pili. Mimi maiti siifungulii lango."

Kundi zima likacheka. Mwalimu akaamua: nina hadi Jumapili kuiandika upya safari hiyo. Mlinzi asiporidhika, farasi amekufa, na mjumbe wangu ametoka kwenye hadithi. Nilikosa hamu ya kula, jambo ambalo hunipata mara moja kila miaka kumi.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kumwona farasi kwa karibu. Nilichojua ni maksai. Nimekulia nyuma ya plau, na kwetu mnyama wa kazi huongozwa kutoka nyuma, kwa mluzi na kofi la kiunoni. Jumamosi nikaenda Kitale na ujuzi huo wote.

Dada alinionyesha farasi jike mzee, wa kahawia, amesimama kando ya ua. Kabla hajamaliza maelezo nilishafika nyuma ya farasi, nikapiga mluzi wa shambani na kumchapa kofi la kirafiki. Teke likapita karibu na goti langu; naapa upepo wake ulinivua kofia ukaitupa hadi kule Saboti.

"Wee! Toka huko nyuma!" dada akapaza sauti. "Utarudi Bungoma ukiwa nusu! Njoo mbele akuone. Msalimie."

"Nimsalimie nani?"

"Si huyo farasi! Ama wewe huingia kwa watu bila hodi?"

Nikazunguka mbali, nikasema, "Sasa, mama." Masikio aliyokuwa ameyalaza nyuma yakasimama, moja kwanza, halafu la pili. Nilishinda hapo hadi mchana nikiyasoma masikio yale kama nilivyosoma alfabeti. Nikamwona akisinzia wima, mguu mmoja wa nyuma ameupumzisha. Nikamwona na mwingine aliyetoka mbioni, jasho limekuwa povu chini ya tandiko, dada akimtembeza taratibu hadi pumzi itulie.

Jumapili mjumbe wangu alishuka kwenye mlima wa pili. Akalegeza mkanda wa tandiko, akatembea kwa miguu kando ya farasi, akasubiri anywe maji. Barua ikachelewa siku mbili. Mwenzetu aliyekuwa jemadari wa ngome akalalamika: "Kuta zangu zinaungua, na wewe unangoja farasi anywe maji?"

"Ungua polepole, jemadari. Huyu ana mapafu, hana injini."

Nilikodolea simu macho hadi ikakaribia kunisalimia. Mwishowe mlinzi akaandika: "Masikio yake yakoje?"

"Moja linanisikiliza mimi. Lingine linasikiliza lango lako."

"Mlinzi anafungua," akajibu. "Mwingize. Lakini huo mluzi uache nje."