Msiba wa Mwenye Mshahara

Tarehe 9 Aprili 1974 nilimpoteza baba. Alikufa asubuhi, mvua ya masika ikinyesha, kijijini kwetu juu ya Soni.

Wakati ule nilikuwa tarishi katika ofisi moja mjini Lushoto. Kazi yangu ilikuwa kubeba barua kutoka chumba hiki kwenda kile. Lakini kijijini wenye mshahara tulikuwa wachache, na nyumba yetu ilikuwa ya bati, basi tukaitwa matajiri. Kwenye mikutano ya ujamaa tuliambiwa sote ni sawa. Nilipiga makofi, huku nikinyoosha miguu ili viatu vionekane.

Kwetu mtu akifa, majirani huleta kuni, mahindi na maharage bila kuombwa. Walipoanza kufika, niliwazuia mlangoni nikawaambia wasijisumbue, gharama zote nitabeba mwenyewe. Nilijidanganya kwamba namheshimu baba. Kumbe nilitaka waseme mzee ameacha mtoto. Walitazamana, wakarudi na mizigo yao.

Nikashuka Soni kununua chakula. Mwaka ule vitu vilikuwa adimu. Duka la kwanza halikuwa na unga wala maharage. La pili lilikuwa na viberiti na chumvi. Nikanunua chumvi, nikaupanda mlima nikiwa na fedha tele mfukoni.

Nyumbani nilikuta jamaa waliotoka vijiji vya ng'ambo kwa miguu wamekaa na njaa. Vijana waliokuwa wakichimba kaburi hawakuwa wameonja kitu. Hata kuni zetu zilikuwa zimelowa. Nikaenda kwa jirani, mama mtu mzima aliyekuwa rafiki wa mama yangu. Nikamwamkia, kisha nikamwomba aniuzie kuni kavu.

"Kuni za msiba zinauzwa wapi, mwanangu?" akaniuliza. "Nionyeshe, na mimi nipeleke zangu."

Nilitazama chini. Nikamwambia nilikosea kuwafukuza, wachimba kaburi wa baba wana njaa, na sisi hatuna kitu. Hilo neno "hatuna" lilinitoka kwa shida kuliko machozi.

Yule mama alishusha mzigo wa kuni darini, akanitwika kichwani, akapita akiwaita wenzake nyumba kwa nyumba. Wakaja na mahindi na maharage, wakanikalisha jikoni nipulize moto. Moshi ulinisaidia kulia bila kuulizwa.

Makande yaliiva jioni. Wakala wachimba kaburi, wakala wageni, mama naye akala kidogo. Mimi nilikwangua chungu.