Theluji ya Friza Yetu

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu Salma, na kila nikiikumbuka najiona mjinga. Hebu weka hiyo simu chini. Tangu jana nimekunyamazia, sasa nimechoka kunyamaza.

Enzi hizo tulikuwa kwenye ile fleti ya mtaa wa Oud Metha. Mimi mama kijana, wewe una miaka sita, kaka yako Nassor tisa. Friza yetu ilikuwa ya kizamani, ikiganda barafu kuta zote mpaka mlango haufungiki. Kila ikikaribia Ramadhani tulikuwa tukiizima na kuikwangua, tupate pa kuweka sambusa. Mwaka huo Ramadhani iliangukia miezi ya baridi, na baba yenu, ambaye hakuwa na mapumziko ila Ijumaa, akasema kazi hiyo nimwachie yeye na watoto.

Kazi gani! Niliporudi kutoka kwa jirani nikakuta jikoni pamekuwa ziwa. Mmekaa chini watatu, sinia langu la pilau katikati, barafu yote mmeikwangua kwa mwiko, mnafinyanga mtu. Tumbo hilo! Macho kokwa za tende, kichwani kipande cha kanga.

"Huyu bibi!" ukanambia, unacheka mpaka unakohoa. "Mama, njoo umtie pua!"

Na bibi yenu mwenyewe, mama yake baba yenu, kakaa kwenye kiti mlangoni, analalamika kuwa mmemzidishia tumbo.

Nami nikaona nini? Maji sakafuni, basi. Nikatwaa birika lililokuwa likichemka jikoni, nikammiminia yule bibi wa barafu kichwani. Khalas, kwisha. Hamkulia hata. Baba yenu akachukua tambara akaanza kupiga deki.

Mamamkwe akaniita pembeni. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha.

"Mama Nassor, maji haya yatakauka kabla ya alasiri. Watoto wamekuita, nawe umewajibu kwa birika. Rudi ukakae nao, mkwangue upya."

Nikamjibu kuwa asiyepiga deki hajui tabu ya sakafu. Jeuri gani hiyo, kumjibu mamamkwe! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika, ila lilichukua mwaka mzima.

Mwaka uliofuata friza ikaganda tena. Natoka kuoga, nakuta mlango wa jikoni umefungwa kwa ndani. Nasikia vicheko, na cha bibi yenu kimo. Nikagonga. Ukajibu wewe, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi:

"Tunasafisha, mama. Hatumwagi maji."

Iliniuma, mwanangu. Nilisimama pale ukumbini na taulo kichwani, nyumba yangu mwenyewe, naona haya kugonga mara ya pili. Nikajiapiza kuwa mwakani nitawahi, na pua nitaitia mimi.

Subutu! Kabla ya mwakani baba yenu akaniletea zawadi: friza mpya ya kisasa, isiyoganda barafu. "Hutasumbuka tena na maji," akanambia, kafurahi kweli. Ningemwambia nini? Nikamshukuru. Sakafu yangu ikawa kavu mwaka baada ya mwaka, na barafu ya kufinyanga hamkuiona tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wewe umesahau yote hayo. Ungekumbuka usingefanya uliyoyafanya jana. Umetupeleka kwenye ukumbi wa theluji kule kwenye moli, umetuvisha makoti na mabuti ya kukodi, theluji tele, hakuna haja ya mwiko. Wanao wakajenga ngamia, nundu imepinda, shingo fupi, raha tupu. "Mama, njoo umtie masikio!" Nawe ukasemaje?

"Yalla, tokeni! Glavu zimeloa, mtaniroweshea viti vya gari!"

Viti vya gari, Salma! Nilitamani nikurushie buti, ila lenyewe la kukodi.

Hukusikia kilichofuata, ulikuwa umeinama unawavua makoti. Mdogo alimnong'oneza dada yake: "Siku nyingine tuje na baba tu." Mimi nilisikia, na moyo ukanirudi kwenye ule mlango wa jikoni.

Basi sikia nasaha ya mama yako, maana majuto ni mjukuu. Mtoto akikuita umtie ngamia masikio, acha kila kitu uende ukamtie, hata kama ngamia mwenyewe kafanana na mbuzi. Kilicholoa kitakauka. Lakini mtoto hakuiti milele. Ukimfokea mara mbili tatu, atajifunza kufurahi bila wewe, na wala hatakwambia.

Ijumaa ijayo tunarudi kule, mimi na wewe na wao, na viti vya gari viloe. Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, awakuze wanao, na akujaalie waendelee kukuita. Amin. Haya, inuka, kawaambie wewe mwenyewe.